Beni, Dansi na Zilizopendwa

Mwezi wa Desemba, kaskazi inapovuma na joto la pwani likawa jingi hata watu wakapenda kukaa nje kuliko ndani, mji wetu mdogo una desturi ya kufanya tamasha la muziki katika uwanja ulio mbele ya soko. Jukwaa lenyewe si kubwa. Ni mbao zilizopangwa juu ya mapipa, taa chache, na vipaza sauti viwili vya kuazima. Wapigaji wake ni wazee waliokwisha kustaafu: fundi cherehani, mwalimu, dereva wa lori, na karani wa bandari. Kila mwaka hupiga nyimbo zile zile, na kila mwaka watu huja kuzisikiliza kana kwamba hawajapata kuzisikia. Wazee huwekewa viti mbele. Vijana husimama nyuma penye giza, baadhi yao wakicheka, na baadhi yao wakitazama simu zao za mkononi.

Mwaka mmoja nilimpeleka ami yangu, ambaye umri wake ulikuwa umepita miaka 80. Nilimshika mkono mpaka kitini, nikakaa chini karibu naye. Bendi ilipoanza wimbo mmoja wa miaka ya 1960, mguu wake ulianza kupiga chini taratibu, na machozi yakamlengalenga. Wimbo ulipokwisha aliniinamia akasema, "Mwanangu, huu ndio muziki. Hizi zenu za leo ni kelele tupu."

Nilimwuliza kwa adabu, "Je, ami, babu naye alizipenda nyimbo hizi ulipokuwa kijana?"

Alinyamaza kidogo, kisha akacheka kicheko kisichokuwa na furaha nyingi. "Babu yako," alisema, "alilivunja gitaa langu kwenye kizingiti cha mlango. Alisema ni kelele za wahuni."

"Na yeye babu alipenda muziki gani?"

"Beni," alijibu. "Alikuwa mpiga tarumbeta wa beni katika ujana wake. Na baba yake alimfukuza nyumbani siku tatu kwa ajili hiyo."

Insha hii imezaliwa na majibu hayo. Katika jamaa moja tu, vizazi vitatu vilipenda muziki wa namna tatu, na kila kizazi kiliadhibiwa na kile kilichotangulia kwa sababu ya kuupenda. Jambo hili si la jamaa yangu peke yake. Ni historia ya pwani yetu, na kwa kweli ni historia ya nchi yetu yote. Ni vema mwanafunzi aijue, kwa kuwa naye yumo ndani yake.

Katika Kenya nyimbo za zamani huitwa zilizopendwa. Ndugu zetu wa Tanzania husema zilipendwa. Mwalimu wa sarufi akilitazama neno hilo ataona kitu cha ajabu. Ni kitenzi cha kutendwa, kilicho katika wakati uliopita, na mtenda hakutajwa. Zilipendwa na nani? Zilipendwa lini? Je, hazipendwi tena? Na wakati zilipopendwa na hao, ni nani aliyezichukia? Sarufi haina majibu ya maswali hayo. Historia ndiyo iliyo nayo.

Tuanze na beni ya babu. Jina hilo limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kundi la wapiga muziki. Ngoma hiyo ilizuka katika pwani ya Kenya, Mombasa na Lamu, katika miaka ya 1890, na haikuzuka bure. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Mwaka 1875 wamisionari wa Kiingereza walianzisha kijiji cha Freretown, barani, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kiwe maskani ya watu waliokombolewa katika utumwa. Huko vijana walifundishwa kusoma na kufanya kazi za mikono, na baadhi yao walijifunza kupiga tarumbeta na ngoma za Kizungu. Sultani naye alikuwa na bendi yake Unguja, ambayo wapigaji wake walikuwa Wagoa. Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya nchi hii. Mwaka 1896 kazi ya kujenga reli ya kwenda Uganda ilianza. Na askari, makarani, mafundi na wachukuzi wakajaa mjini. Mwaka 1907 sheria iliacha kuutambua utumwa katika pwani ya Kenya.

Fikiri basi, msomaji, hali ya kijana wa Mombasa katika miaka hiyo. Hapo zamani cheo cha mtu kilijulikana kwa ukoo wake: huyu mwungwana, yule mtumwa, huyu mwenyeji, yule mgeni. Sasa mwana wa mtumwa aliweza kuwa karani, na mgeni wa juzi aliweza kupokea mshahara uliomzidi mwenyeji. Ngazi ya zamani ilikuwa imevunjika, na ngazi mpya ilikuwa mikononi mwa Wazungu. Kijana huyo angepata wapi heshima? Aliipata katika beni.

Beni haikuwa muziki tu, ilikuwa chama. Kila chama kilikuwa na viongozi wenye vyeo vya Kizungu: mfalme, jenerali, kanali, daktari. Wachezaji walivaa sare, wakajipanga safu, wakapita barabarani kwa mwendo wa askari, huku tarumbeta na ngoma kubwa zikiongoza. Mombasa palikuwa na vyama vilivyoitwa Kingi, Scotchi, Sadla na Settla. Na watu wa Scotchi, kama jina lao linavyodokeza, waliiga mavazi ya askari wa Uskoti. Katika Tanganyika vyama viwili vilivyovuma kuliko vyote vilikuwa Marini na Arinoti. Marini walijiona kuwa ni wa makarani na wenye elimu. Arinoti ilikuwa na watu wengi wa kazi za mikono. Kwa hiyo aliyepita asubuhi akibeba mizigo ya watu aliweza kupita jioni akipigiwa saluti.

Vyama hivyo vilishindana vikali. Siku ya mashindano kila upande ulitoka kwa pambo lake jipya, ukiimba nyimbo zilizotungwa kwa siri ili kuwafumba na kuwakejeli wapinzani. Ng'ombe walichinjwa na karamu zikafanywa, na aliyelisha watu wengi zaidi alihesabiwa kuwa ameshinda. Watu waliingia katika madeni kwa ajili ya sifa ya siku moja. Lakini chama hicho hicho ndicho kilichompokea mgeni asiye na jamaa mjini, kikamwuguza mgonjwa, na kikamzika maiti asiye na wa kumzika. Aliyekuwa hana ukoo alipata ukoo ndani ya beni.

Wako waliosema, na hata leo wako wanaosema, kwamba beni ilikuwa ni kumwiga Mzungu tu, kama kasuku anavyoiga maneno asiyoyajua maana. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyeandika kitabu kizima juu ya ngoma hii kilichotoka mwaka 1975, ameonyesha kwamba jambo hilo si sahili hivyo. Mashindano ya ngoma kati ya mitaa ya mji mmoja yalikuwako pwani kabla Mzungu hajashika utawala. Lamu, mathalani, mji uligawanyika tangu zamani katika pande mbili, Mkomani na Langoni, na pande hizo zilishindana kwa ngoma, kwa mashairi na kwa karamu. Beni ilipokuja, mashindano hayo ya kale yalivikwa sare na kupewa tarumbeta. Vazi lilikuwa geni, lakini mwili ulikuwa wa nyumbani.

Walakini wazee wengi wa wakati huo waliliona vazi peke yake. Wanavyuoni wa Kiislamu waliona vijana wao wakiiga mila za Wakristo; wamisionari nao waliona Wakristo wao wakipotea katika ngoma za usiku, fahari na ulevi. Maofisa wa serikali waliona watu weusi waliopangwa kama jeshi, wenye wakuu wao na matawi yao katika miji mingi, wakaingiwa na hofu. Ni mara chache sana mwanachuoni, mmisionari na ofisa wa serikali walipata kukubaliana juu ya jambo moja. Juu ya beni walikubaliana. Si ajabu, basi, kwamba baba wa babu yangu alimfungia mwanawe mlango.

Vita Vikuu vya Kwanza, vilivyodumu tangu 1914 mpaka 1918, viliitawanya beni mahali ambapo hapana mpiga ngoma wa Mombasa aliyeweza kuota. Askari na wachukuzi wa majeshi yote mawili, ya Kiingereza na ya Kijerumani, walikwenda nayo kila walikokwenda. Baada ya vita ilionekana Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, ikazaa ngoma za mganda na malipenga. Ikaonekana pia katika machimbo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ikazaa ngoma ya kalela. Pale tarumbeta za shaba zilipokosekana, watu walitengeneza tarumbeta za vibuyu, na mchezo ukaendelea.

Hapa sharti tusimame kidogo. Katika vita hivyo makumi ya maelfu ya wachukuzi Waafrika walikufa, na wengi zaidi waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Jina la kikosi chao limebaki katika mitaa ya Kariokor huko Nairobi na Kariakoo huko Dar es Salaam. Ngoma iliyopigwa kwa furaha kutoka mji hata mji ilifuata njia ile ile ya mizigo na makaburi. Mtu aliyeicheza uzeeni mwake aliweza kukumbuka sare na tarumbeta, akanyamaza juu ya mengine.

Katika miaka ya 1930 beni ilianza kufifia katika miji mingi. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka tangu 1929, mishahara ilipungua, na karamu za ng'ombe zikawa mzigo usiobebeka. Zaidi ya hayo, kizazi kipya kilichotoka shuleni kilianza kuiona beni kuwa ni mambo ya washamba. Kizazi hicho kilipenda dansi. Katika dansi mwanamume na mwanamke hucheza wawili wawili, ndani ya ukumbi, kwa gitaa, fidla na kodiani, na kila mtu huja na nguo yake nzuri badala ya sare ya chama. Wazee wa beni walikasirika. Wao, waliofukuzwa na baba zao kwa kupita barabarani na tarumbeta, sasa walisema kwamba kumshika mwanamke kiunoni mbele ya watu ni mwisho wa adabu.

Vita Vikuu vya Pili viliongeza kasi ya mabadiliko hayo. Askari wetu walipelekwa mbali, hata Burma, na katika jeshi palikuwa na vikundi vya kuwachangamsha kwa muziki. Mmoja wa waliokuwa katika vikundi hivyo alikuwa Fundi Konde, mzaliwa wa pwani ya Kenya, ambaye alipiga gitaa na kuimba kwa Kiswahili. Baada ya vita alirekodi nyimbo zake katika santuri, na sauti yake ikawafikia watu ambao hawakupata kumwona. Hilo lilikuwa jambo jipya kabisa. Mpiga beni alisikika mpaka pale upepo ulipofikisha tarumbeta yake. Lakini mwimbaji wa santuri aliweza kusikika Mombasa, Kisumu na Kampala siku moja. Toka Katanga zilikuja nyimbo za Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, na vijana wa Nairobi wakajifunza vidole vyake juu ya nyuzi. Na redio ilipoenea, muziki uliingia hata nyumba ambayo mwenyewe hakuukaribisha.

Basi ukaja wakati wa ami yangu. Fadhili William, mwana wa Taita, aliupeleka wimbo "Malaika" kila mahali. Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuimba duniani, na juu ya nani aliyeutunga watu wanabishana mpaka leo. Daudi Kabaka na wenzake wa Equator Sound Band, ambao baadhi yao walitoka Zambia, walipiga mtindo wa twisti hata ukawa kama mali ya Kenya. Wimbo wake "Helule Helule" ulipendwa mpaka kundi la Uingereza liitwalo The Tremeloes likaupiga mwaka 1968. Kenya ilikuwa imepata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Nchi ilikuwa changa, vijana walikuwa wachanga, na muziki ulikuwa mchanga pamoja nao. Katika miaka hiyo ndipo ami yangu aliponunua gitaa lake la kwanza, na ndipo lilipovunjwa.

Kwa nini kila kizazi hufanya hivi? Wataalamu wa elimu ya nafsi wameona mara nyingi kwamba watu wazima wakiulizwa habari za maisha yao, hukumbuka kwa wingi zaidi mambo waliyoyapata kati ya umri wa miaka 10 na 30. Huo ndio wakati wa mambo ya kwanza: kazi ya kwanza, mshahara wa kwanza, safari ya kwanza, mapenzi ya kwanza. Wimbo uliosikika siku hizo umefungwa pamoja na siku hizo. Mzee anapolia kwa wimbo wa zamani, halii kwa ajili ya wimbo peke yake. Anamlilia yule kijana aliyeusikia.

Sababu ya pili ni kwamba wakati ni ungo. Katika miaka ya 1960 nyimbo mbaya zilitungwa nyingi, kama katika miaka yote. Lakini wakati umezipepeta. Makapi yamekwenda na upepo, na mchele umebaki. Mzee huuchukua mchele wa zamani uliokwisha kupepetwa, akaulinganisha na mpunga wa leo ambao bado uko pamoja na makapi yake, kisha akahukumu kwamba mashamba ya siku hizi hayazai. Hukumu hiyo si ya haki, ijapokuwa anayeitoa ni mkweli.

Nami simcheki ami yangu, kwa maana kosa lake nimelifanya mimi mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari, muziki wetu ulikuwa genge, ule wa vijana wa Nairobi ulioimbwa kwa Sheng, na baba yangu alikuwa akizima redio kila alipousikia. Niliapa moyoni kwamba nikiwa mtu mzima sitamfanyia kijana yeyote jambo hilo. Kisha nikasomea ualimu, nikapewa darasa. Siku moja niliwakuta wanafunzi wangu wakisikiliza gengetone, mtindo uliozuka karibu na mwaka 2018, nikawaambia maneno haya: "Zimeni hizo kelele. Zamani kulikuwa na muziki." Niliyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu kwa sauti ya baba yangu. Mwanafunzi mmoja alinitazama kwa adabu, wala hakujibu. Nami nilijua kwamba naye, kwa wakati huo, alikuwa akiapa moyoni.

Pana hatari nyingine katika kuipenda sana jana, nayo ni kubwa kuliko kutowatendea haki vijana. Jioni ile uwanjani ami yangu alisema, "Siku hizo palikuwa na amani na watu walikuwa na furaha." Je, ni kweli? Katika utoto wake, tangu Oktoba 1952 mpaka Januari 1960, Kenya ilikuwa katika hali ya hatari. Maelfu ya watu walifungwa kambini na wengi waliuawa. Baba yake, mpiga beni, aliishi katika siku ambazo mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande, akakivaa shingoni ndani ya kijisanduku cha bati, ili mwajiri na polisi wajue alikotoka na anakokwenda. Nyimbo walizozipenda zilikuwa nzuri. Siku walizozipendea hazikuwa nzuri kwa watu wote. Mwanafunzi wa historia ana wajibu wa kuyashika mambo hayo mawili pamoja: asiwanyang'anye wazee furaha yao, wala asikubali furaha hiyo isimame mahali pa ukweli wote.

Walakini wimbo wa zamani, ukisikilizwa kwa akili, ni shahidi mwema. Huweza kutuambia watu walivaa nini, walidharau nini, waliogopa nini, na walitamani nini, katika maneno yao wenyewe na si katika maneno ya waliowatawala. Hati za serikali zinatuambia kwamba beni ilikuwa na wanachama waliostahili kuchunguzwa. Nyimbo za beni zingaliweza kutuambia kwa nini watu hao walitaka kuwa wanachama. Lakini shahidi huyo hufa upesi. Hakuna mahakama itakayomwita asipoitwa na watu wa nyumbani kwake.

Nalijua jambo hilo kwa uchungu. Tamasha lilipokwisha na watu wakaanza kutawanyika, nilimwomba ami anifundishe wimbo mmoja wa beni ya babu, hata ukiwa mfupi. Alifikiri kwa muda mrefu. Kisha alianza kuvumisha sauti, bila maneno, polepole, kidole chake kikipiga mwendo wa askari juu ya mkongojo. Sauti ilipanda, ikashuka, ikakatika.

"Maneno yake je, ami?" niliuliza.

"Siyajui," alisema. "Alikuwa akiimba barazani jioni, nami nilikuwa nikiingia ndani. Nilikuwa nimemkasirikia kwa ajili ya gitaa. Sikumwuliza."

Tazama, basi, jinsi hasara ilivyopatikana. Babu hakutaka kulisikia gitaa la mwanawe. Mwana hakutaka kuusikia wimbo wa baba yake. Na mjukuu, aliyekuja kuutaka, alikuta mvumo usio na maneno. Hapana adui aliyeuiba wimbo ule, wala moto haukuuchoma. Umepotea ndani ya nyumba moja, kati ya chumba na baraza, kwa sababu ya dharau za pande mbili.

Jambo kama hilo si lazima litokee. Siti binti Saad, aliyetoka Fumba, shamba, akaja mjini Unguja na kuwa mwimbaji mkuu wa taarabu, alikejeliwa sana na wapinzani wake kwa asili yake na sura yake. Mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Alipokuwa mzee, kabla hajafa mwaka 1950, Shaaban Robert alikwenda kwake, akakaa, akamwuliza habari za maisha yake, akaziandika. Kwa kazi hiyo tunacho leo kitabu cha Wasifu wa Siti Binti Saad. Mwandishi hakuhitaji mashine wala fedha nyingi. Alihitaji kalamu, karatasi, na moyo wa kumsikiliza mtu mzima mpaka amalize.

Hata Lamu, mahali watu wengi wanapopataja kuwa ni ngome ya mila za kale, mambo ni yayo hayo. Maulidi ya Lamu, yanayowakusanya watu kutoka pande nyingi kila mwaka, yanatokana na kazi ya Habib Saleh, mwanachuoni wa asili ya Ngazija. Alipoyasoma Maulidi kwa matari, baadhi ya wakubwa wa mji walimpinga kwamba ameleta uzushi. Leo matari hayo ndiyo mila yenyewe, na atakayeyaondoa ndiye atakayeitwa mzushi. Kinacholaumiwa asubuhi huweza kuwa urithi jioni.

Wahenga walisema kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Methali hiyo hutumiwa kumwonya mwenye kiburi. Lakini naiona pia kuwa ni habari ya kweli ya historia. Beni ilivuma ikapasuka, dansi likavuma likapasuka, twisti likavuma likapasuka, na muziki unaovuma leo masikioni mwa vijana utapasuka vile vile. Siku moja vijana hao watakuwa wazee waliokaa viti vya mbele, na watoto waliosimama gizani watawacheka.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wasomao insha hii kufanya jambo moja dogo. Likizo ijayo, mkifika nyumbani, mtafuteni babu, bibi, ami au shangazi, mkae karibu naye na daftari. Mwulizeni alipenda wimbo gani alipokuwa na umri wenu. Aliusikia wapi, na pamoja na nani. Na ni nani aliyemkataza kuusikiliza. Swali hilo la mwisho msilisahau, kwa kuwa majibu yake ndiyo yenye historia nyingi. Andikeni maneno ya wimbo wenyewe kama anavyoyatamka, bila kuyasahihisha, na mwandike mwaka ikiwa anaukumbuka. Kisha, akiwauliza ninyi mnapenda wimbo gani, msione haya, mwimbieni.

Ami yangu bado yu hai. Baada ya jioni ile nilirudi kwake mara nyingi na daftari, nami nimekwisha kuandika nyimbo 23 za ujana wake. Wimbo wa babu nimeuandika pia, katika ukurasa wa kwanza. Nimeandika jina la babu, jina la ngoma yake, na mahali alipoimbia. Na chini yake, pale ambapo maneno yangekuwapo, nimeacha nafasi.